Homoni kwenye viazi mviringo: lini upige, kiasi gani, na lini uiache chupa ikae tu

Kila msimu naona watu wanauliza hii dawa ya kuzalisha viazi vingi inapigwaje, wengine wameshanunua kabisa, chupa iko ndani, ndo wanauliza wapige lini. Basi ngoja niandike yote kwa mkupuo mmoja, vile nilivyokuja kuelewa baada ya misimu kadhaa ya kuharibu na kurekebisha.

Kitu cha kwanza, na hiki ukikishika hata ukisahau mengine hutaumia sana: homoni haina chakula ndani yake. Mbolea inalisha, homoni inatuma. Inauambia mmea chakula ulichonacho peleka huku usipeleke kule, amka, lala, refuka, acha kurefuka, basi. Sasa kama shamba lina njaa, au mbegu ilikuja na mnyauko bakteria, au maji hakuna, unatuma na hakuna wa kutumwa. Nimeona mtu anapiga homoni kwenye shamba ambalo bakajani, ule ugonjwa wa ukungu, imeshakula nusu ya majani, yani hela inamwagwa chini hivihivi.

Wajue wahusika kwanza

Sitaleta darasa refu ila lazima ujue nani anafanya nini, maana dukani majina ni mengi na ndani ya chupa mara nyingi ni walewale.

Mkubwa wao kwa kiazi ni jibereli, kwenye lebo utaiona imeandikwa GA3. Hii iligunduliwa kupitia ugonjwa wa mpunga, mwaka 1926 mtafiti wa Kijapani Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba kuna ukungu unaotoa kitu kinachofanya miche ya mpunga irefuke kupita kiasi, miembamba, imepauka, mwisho inaanguka. Kumbuka hiyo picha ya mpunga mrefu mwembamba, itakusaidia huko mbele. Kwenye kiazi jibereli inafanya kazi mbili ambazo zinapingana kwa mkulima: inaamsha mbegu iliyolala, hiyo nzuri, lakini ikiwa nyingi mmea ukiwa shambani inauzuia usifunge viazi, unabaki kurefusha shina na vile vikonyo vya chini ya udongo.

Oksini ndo inayofanya chipukizi moja la juu litawale na mengine yanyamaze, na ndo hiyo hiyo inayotumika kuotesha mizizi kwenye vipandikizi. Sitokinini inagawanya seli na inasaidia macho yaamke na kiazi kivimbe. Asidi ya absisi ndo inayoilaza mbegu. Ethilini ni gesi, ntaisema tukifika stoo. Halafu kuna kundi la breki, yani dawa zinazouzuia mmea usitengeneze jibereli yake: paklobutrazoli, klomekwati, mepikwati. Ukiona dawa imeandikwa inafupisha mmea, ujue iko kundi hili.

Hatua ya 1: sema shida yako ni ipi

Usianze na chupa, anza na shida. Mbegu yako imelala na msimu wa kupanda umefika? Hiyo ni kazi ya jibereli. Mbegu inatoa chipukizi moja tu refu? Hiyo haihitaji dawa, inahitaji kidole chako, ntaeleza. Mmea unajaa majani mpaka kiunoni ukichimba chini unakuta vitu kama marumaru? Hapo ndo unaweza kufikiria breki, lakini kabla ya hapo angalia urea uliyomwaga. Viazi vinachipua stoo kabla ya kuuzwa? Hiyo nayo ina dawa yake tofauti kabisa, ukiipiga kwenye mbegu umejimaliza.

Ukishindwa kusema shida yako kwa sentensi moja, usinunue kitu.

Hatua ya 2: homoni za bure

Hapa watu wanapita haraka na hapa ndo kuna faida zaidi kuliko chupa yoyote, maana homoni ziko ndani ya kiazi tayari, unazichezea tu kwa mwanga, joto na mkono.

Chukua kiazi cha mbegu kiangalie. Upande mmoja kuna kitovu, pale kilipokuwa kimeshikana na mama yake, upande wa pili macho yamejazana. Chipukizi la kwanza linatokea huko kwenye msongamano wa macho, na likishatoka linamwaga oksini inayowanyamazisha wengine wote. Ukipanda hivo unapata shina moja au mawili, viazi vichache vikubwa. Ukilivunja likiwa na urefu wa kama sentimita moja au mbili, baada ya siku kadhaa macho mengine yanashtuka na unapata machipukizi manne matano. Unavunja mara moja tu asee, ukirudiarudia kiazi kinazeeka, kinatoa machipukizi manyonge kama nywele.

Baada ya hapo sambaza mbegu kwenye mwanga, siyo jua kali la moja kwa moja, mwanga wa kawaida unaopita kwenye chanja au pembeni ya dirisha, tabaka moja au mawili ya viazi. Gizani chipukizi linarefuka jeupe na linavunjika ukigusa. Kwenye mwanga linabaki fupi, nene, kijani au zambarau, ukilishika unahisi gumu kama ncha ya kidole. Hilo hata ukitupa mbegu kwenye ndoo haling'oki ovyo.

Na nitrojeni. Hii nayo ni homoni kwa mlango wa nyuma, maana mmea ukipata nitrojeni nyingi mapema unaendelea kujenga majani na unachelewa kufunga viazi, karibu sawa na kama umeupigia jibereli. Ndo maana kuna mtu anaongeza mbolea ya kukuzia kila akiona majani hayajawa meusi ya kutosha, halafu anashangaa chini hamna kitu.

Hatua ya 3: kuamsha mbegu kwa GA3

Hii ndo matumizi ya homoni kwenye viazi ambayo mimi naona yana maana kwa mkulima wa kawaida. Mbegu ikitoka shambani inalala, kutegemea aina inaweza kuwa wiki chache au miezi mitatu na zaidi, na kama unataka kupanda msimu unaofuata mara moja huna huo muda.

Ntaanza na nilivyokosea ili usirudie. Muuzaji mmoja aliniambia pakiti nzima ya unga kwenye ndoo moja, loweka usiku kucha. Nikafanya. Wiki ya pili nikafungua magunia nikakuta machipukizi marefu kama tambi, meupe, yamesokotana gunia zima, ukivuta kiazi kimoja vinakuja kumi. Ule mpunga wa Kijapani, kabisa. Zaidi ya nusu yalivunjika wakati wa kupanda na yaliyobaki yakatoa mashina membamba yaliyolala chini, na viazi vya msimu ule vilikuwa virefu vyembamba halafu vidogo. Jibereli ni kitu cha kupima kwa miligramu, haipimwi kwa kiganja.

Kipimo kinaitwa ppm, na usiogope, ppm 1 ni miligramu 1 ya dawa halisi kwenye lita 1 ya maji. Mbegu zilizokatwa zinanyonya haraka kwa hiyo zinataka kidogo, ppm 1 hadi 5 kwa dakika 5 hadi 10. Viazi vizima vina ganda, vinataka zaidi, ppm 10 ni pa kuanzia pazuri, wapo wanaofika 50 kwa vimbegu vidogo vilivyolala sana ila mimi sikushauri uanzie huko.

Sasa hesabu. Angalia lebo asilimia ya dawa halisi. Tuseme una unga wa asilimia 90. Gramu 1 ya unga huo ina miligramu 900 za GA3. Unga huu hauyeyuki vizuri kwenye maji, ukiumwaga tu unaelea na kuganda vipande, kwa hiyo weka gramu moja kwenye kikombe cha kioo, mimina spiriti kama mililita 20, tikisa mpaka iwe safi huoni chembe. Halafu ongeza maji safi mpaka ifike mililita 900. Hapo umepata maji mama ambayo kila mililita 1 ina miligramu 1. Kuanzia hapo hesabu ni ya mtoto: kila mililita 1 ya maji mama kwenye lita 1 ya maji inakupa ppm 1. Ndoo ya lita 20 ukitaka ppm 5 unaweka mililita 100, ukitaka ppm 10 unaweka mililita 200. Pima na sirinji au chupa yenye mistari, usipime kwa kifuniko. Kama una vidonge au dawa ya maji iliyokwisha tengenezwa iyeyuke yenyewe, spiriti haihitajiki ila hesabu ya asilimia inabaki ileile. Na kama huna mizani ya kupima gramu moja, nunua dawa ya vidonge vyenye kiasi kinachojulikana, usikisie.

Maji mama usiyaweke wiki tatu dirishani, GA3 inaharibika ikikaa kwenye maji na inaharibika haraka zaidi kwenye joto na maji yenye chokaa. Tengeneza ya siku hiyo.

Kabla ya kuweka dawa hakikisha ganda la kiazi limekomaa, ukisugua kwa dole gumba halichubuki, na usafishe udongo kwa kupangusa. Chagua, toa vyote vyenye madoa yanayonuka au utomvu mweupe unaotoka kwenye duara ukikikata, huo ni mnyauko bakteria. Hapa ndo kuna hatari ambayo hawakuambii dukani: ndoo moja ya kuchovya inaweza kuchukua bakteria wa kiazi kimoja na kuwagawia wote. Ndo maana mimi siku hizi sichovyi, nasambaza viazi kwenye turubai safi napulizia kwa bomba mpaka vilowe pande zote, vinageuzwa, vinapuliziwa tena. Dawa inatumika kidogo zaidi na ugonjwa hausafiri. Ukilazimika kuchovya, badilisha maji mara kwa mara. Na kama unakata, kisu kichovye kwenye jiki kila baada ya kiazi, najua inachosha.

Baada ya kupulizia acha vikauke kabisa kivulini kabla ya kuvirundika, viazi vibichi kwenye rundo ni uozo tu. Vilivyokatwa viache siku mbili tatu kidonda kipone sehemu yenye hewa na ubaridi kidogo. Halafu weka sehemu yenye joto la kama nyuzi 18 hadi 20, giza, na angalia kila siku chache. Ukiona macho yameanza kutoa vichwa vyeupe, kama wiki mbili au tatu, hamishia kwenye mwanga hapohapo. Wengi wanafanya vizuri mpaka hapa halafu wanasahau kuhamisha, na chipukizi la jibereli ndani ya giza linakimbia kuliko la kawaida.

Jambo lingine, mbegu iliyoamshwa kwa GA3 inatoa mashina mengi kwa hiyo viazi vinakuwa vingi ila vidogo zaidi. Kama unazalisha mbegu hilo ndo unalolitaka. Kama soko lako linataka viazi vikubwa, panda kwa nafasi pana kidogo au usitumie kabisa, ngoja mbegu iamke yenyewe.

Hatua ya 4: shambani

Kuna siku moja kwenye maisha ya kiazi ambayo kila homoni ya shambani inaitegemea, na haiko kwenye kalenda, iko chini ya udongo. Kama wiki mbili hadi nne baada ya miche kutokeza, chimba pembeni mche mmoja taratibu kwa mkono. Utaona vikonyo vyeupe vinatoka kwenye shina vinatembea pembeni. Angalia ncha zake. Mwanzo ncha imejikunja kama ndoano. Ukichimba mche mwingine siku chache baadaye ile ndoano imeanza kuvimba nyuma yake, kwanza kama kichwa cha kiberiti, halafu kama punje ya njegere. Hapo ndo mmea umeamua kufunga viazi. Uamuzi huo unasaidiwa na usiku wa baridi, siku fupi, nitrojeni ya wastani na majani yenye afya, na unavurugwa na joto, hasa usiku ukizidi kama nyuzi 20.

Kwa hiyo kosa kubwa la shambani ni kupiga busta, yani dawa ya kukuzia inayopuliziwa majani, yenye jibereli kipindi hiki. Soma lebo, busta nyingi za mboga za majani zina GA3 ndani, kwenye mboga zinafanya kazi safi maana unauza majani, kwenye kiazi unauambia mmea urefushe vikonyo wakati ulikuwa unataka kufunga. Matokeo yake viazi virefu, vyenye vichwa vichwa, au vilivyofuatana kama shanga kwenye uzi mmoja.

Breki nazo, paklobutrazoli na wenzake, zinafanya kinyume. Zikipigwa wakati wa ndoano zinafupisha shina, majani yanakuwa kijani kizito, na chakula kinaelekea chini. Kwenye maeneo ya joto ambako kiazi kinakazana kutoa majani, majaribio yameonyesha mavuno yanapanda. Mimi nina wasiwasi na paklobutrazoli kwa sababu moja, ni ileile inayotumika kwenye miembe ili itoe maua, na inakaa kwenye udongo muda mrefu sana, zao litakalofuata linaweza kudumaa na hujui limepatwa na nini. Kwa hiyo kama lebo haina kiazi, iache. Kama ina kiazi, fuata kipimo cha lebo usiongeze hata kidogo, piga asubuhi au jioni, mmea usiwe na kiu, na usichanganye na dawa nyingine kwenye bomba moja kwa mara ya kwanza. Mmea uliodumaa tayari kwa ukame au ugonjwa usiupige breki, utakuwa umesimamisha gari lililokwama.

Kama sehemu yako ina usiku wa baridi na umepanda mbegu nzuri kwa kweli sioni haja ya breki. Pandishia udongo kwa wakati, mwagilia kwa mpangilio, linda majani na bakajani. Jani linalokaa wiki mbili zaidi likiwa kijani linajaza kiazi kuliko dawa yoyote ninayoijua.

Hatua ya 5: kuzuia kuchipua baada ya kuvuna

Hii ni kwa viazi vya kula tu. Narudia, vya kula tu.

Maleiki hidrazidi inapigwa kwenye majani shamba likiwa bado la kijani, inashuka mpaka kwenye kiazi na inazuia seli za macho zisigawanyike, kiazi kinakaa stoo muda mrefu bila kuchipua. Wakati wake ni pale viazi vingi unavyotarajia kuvuna vimeshapita milimita 25, na angalau wiki tatu kabla ya kuua majani ili uvune. Ukipiga mapema vile vidogo vinadumaa na mavuno yanashuka, ukichelewa majani yamezeeka hayanyonyi. Inataka saa 24 bila mvua na mmea usio na kiu. Mtu akichukua viazi hivyo akafanya mbegu havitaota, kwa hiyo kama una tabia ya kubakiza vidogo kwa ajili ya kupanda, tenga kabisa mistari ya mbegu mbali na dawa hii.

Zamani stoo kubwa zilitegemea klorprofamu, dawa ya kuzuia kuchipua inayopigwa viazi vikiwa stoo. Umoja wa Ulaya uliikatalia kuendelea mwaka 2019 na matumizi yake huko yakakoma Oktoba 2020, sahivi wengi wamehamia ethilini, mafuta ya mnanaa na mafuta ya machungwa. Kama stoo yako iliwahi kupigwa klorprofamu usiweke mbegu humo, mvuke wake unabaki kwenye kuta na mbao.

Ethilini inashangaza kidogo. Ikiwepo muda wote stoo inazuia chipukizi lisirefuke, lakini viazi vikiipata kwa siku chache tu halafu ikaondoka inaweza kuviamsha. Matunda yanayoiva yanaitoa, kwa hiyo usihifadhi ndizi mbivu na viazi chumba kimoja halafu ushangae.

Hatua ya 6: jaribu kwa mistari kabla ya shamba zima

Acha mistari miwili mitatu bila dawa, katikati ya shamba, usiache ile ya pembeni maana pembeni siku zote kuna tofauti. Weka kijiti cha alama maana utasahau. Siku ya kuvuna chimba mashina kumi upande wenye dawa na kumi upande usio na dawa, mbolea ileile, mbegu ileile. Hesabu viazi kwa kila shina, tenga vikubwa, vya kati na vidogo, pima kila kundi kwa mizani uandike. Usiangalie jumla tu, maana unaweza kupata viazi vingi zaidi na uzito uleule, yani umezalisha vidogo, na kama mnunuzi wako anachambua ukubwa umepata hasara ukiwa unafurahia hesabu. Fanya hivo misimu miwili kwenye mistari tu, mwaka wa mvua nzuri na mwaka wa mvua mbaya dawa haifanyi kazi sawa.